Mutachoka Anatafuta Lupango

Barua mbili juma hili, zote habari ya mbwa. Ya kwanza imeandikwa kwa kalamu ya bluu, halafu katikati ya ukurasa inageuka nyekundu. Mwandishi anaeleza kwamba ile ya bluu ilitafunwa kabla hajafika mwisho. Nimeipunguza kidogo tu.

«Jambo sana Mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunapanga Katuba, hapa Lubumbashi, katika lupango (uwanja wenye nyumba) moja na familia nyingine mbili. Mwezi wa kwanza, siku za mvua kubwa, mwanangu wa pili alirudi kutoka sokoni na mtoto wa mbwa ndani ya mfuko wa unga. Alimtoa mferejini, amefungwa shingoni waya wa umeme ambao ulikuwa umeanza kuzama kwenye nyama. Nilisema atalala usiku mmoja tu. Munajua mambo hayo yanavyokwenda. Tukakata waya, tukaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akalala siku tatu mfululizo. Siku ya nne aliamka, na tangu hapo hajakaa chini.

Ni dume, kahawia, miguu yote minne nyeupe kama amekanyaga unga, masikio yamesimama, mkia umejikunja. Shemeji yangu alimpa jina Mutachoka, kwa ajili ya majirani waliokuwa wanatusema. Waliochoka ni sisi. Sasa anakaribia mwaka mmoja. Amekula kandambili tano, zote za mguu wa kushoto, sijui kwa nini. Amekula daftari la jeografia. Mwezi uliopita alikamata kuku wa jirani, nikalipa. Hang'ati mtu, anapenda kila mtu, hata wezi nadhani atawalamba. Ila akikurukia ukiwa na sufuria ya mafuta ya moto, upendo huo ni hatari. Mimi naamka saa kumi ya usiku kukaanga maandazi ya kuuza, na mume wangu yuko kazini Kolwezi, anarudi mara moja kwa mwezi.

Mwenye lupango amesema mwisho wa mwezi wa kumi mbwa awe ametoka, ama tutoke pamoja naye. Kila mtu ana shauri lake. Mmoja anasema nimpakie kwenye lori, nikamwache kwenye njia ya Kasumbalesa. Mwingine anasema kuna mkubwa fulani wa mtaa wa Golf anatafuta mbwa wa kulinda. Zamu (mlinzi) wa depo ya sementi karibu na kwetu anamtaka hata leo. Mimi sitaki atupwe mara ya pili. Nitampata wapi mtu mwenye huruma? Na je, habari ya kuku niiseme au niinyamazie? Aksanti sana, munisaidie. — Mama wa Katuba»

Mama Mutachoka (niruhusu nikuite hivyo, maana kwa sasa huyo ndiye mtoto anayekusumbua kuliko wote), naanza na swali lako la mwisho. Kuku utamsema. Tena utaanza naye, kabla ya miguu mizuri myeupe.

Nakwambia hivyo kwa sababu mimi niliwahi kunyamaza. Mwaka 2009 nilikuwa na mbwa anaitwa Kapiteni, na nilikuwa nahama kwenda nyumba isiyo na uwanja. Nikampata baba mmoja wa mtaa wa Bel-Air, mtu mtaratibu, ana geti la chuma na watoto wakubwa. Nilimweleza kila kitu kuhusu Kapiteni isipokuwa jambo moja: kwamba anaruka kuta. Niliogopa atakataa. Siku ya pili Kapiteni akaruka, akarudishwa, akafungwa mnyororo. Juma la tatu, alfajiri, nikasikia chuma kinaburuzwa kwenye changarawe mbele ya mlango wangu. Alikuwa amevuka nusu ya mji na mnyororo wake, shingo imechubuka, makucha yanatoka damu. Yule baba hakuja kumdai wala hakunipigia simu, na sikuweza kumlaumu. Nilikuwa nimempa nusu ya mbwa, nusu nyingine nimeificha chini ya kitenge.

Sasa turudi kwenye huruma. Unatafuta mtu mwenye huruma. Mwanangu, huruma wewe unayo ya kutosha, na tazama ulipofika nayo: umelipa kuku na mwenye lupango amekupa tarehe. Mbwa huyu hana shida ya huruma. Usimtafutie mwenye moyo, mtafutie mwenye miguu. Namaanisha mtu ambaye siku yake tayari ina mwendo, na mbwa ataingia humo bila mtu kubadilisha maisha. Anayesema «nitaanza kutembea kila asubuhi kwa ajili yake» hataanza. Anayetembea tayari ndiye.

Na uelewe ni mbwa gani unayemgawa, maana utaulizwa. Meno ya utoto yanaanza kung'oka miezi minne hivi, na kufikia miezi saba ya kikubwa yote yameota. Kwa hiyo kandambili za sasa si habari ya meno kuwasha. Ni kukosa la kufanya. Mbwa kati ya miezi sita na mwaka na nusu, wengine mpaka miaka miwili, ni kama kijana aliyemaliza masomo na hajapata kazi: nguvu zipo, akili ipo, na kutwa amekaa getini. (Kuhusu mguu wa kushoto sina jibu. Labda ndio unaovuliwa wa kwanza na kuachwa karibu na mlango.)

Tuwapitie wagombea wako. Wa njia ya Kasumbalesa hatumjadili. Njia ile ina malori ya shaba usiku na mchana, na mbwa anayependa kila mtu atakimbilia kila taa.

Mkubwa wa Golf anataka mbwa mkali. Wako si mkali, ni mchangamfu, na watu wengi wa mji huu hawajui tofauti. Wanaona mbwa anaruka ukutani wanasema «huyu atalinda». Akifika kule na kuwalamba wageni, watajaribu kumfanya mkali kwa njia ninayoijua: mnyororo mfupi, njaa, na watoto wa kumtupia mawe. Baada ya miezi sita watapata kweli mbwa mkali, ila atamng'ata mtoto wa nyumba kabla ya mwizi.

Zamu wa depo nisingemkataa haraka hivyo. Kuna mazamu wanaoishi na mbwa wao kama ndugu, wanagawana bukari (ugali) na ndakala (dagaa), wanazunguka ukuta pamoja usiku kucha. Lakini nenda saa nane mchana, jua likiwa kali, ukaone mbwa waliopo pale wanakaa wapi. Ukikuta mnyororo wa mita moja na sahani kavu, rudi nyumbani kwako. Na muulize: yeye akihamishwa kituo, mbwa anabaki na nani? Depo si yake.

Mimi ningetafuta kwingine. Wako vijana wanaokimbia asubuhi. Umewaona, maana wewe uko macho saa hizo: wanapita wawili wawili kabla jua halijatoka, wengine wanacheza mpira, wengine wanajiandaa kwa mitihani ya polisi au jeshi. Mmoja wao akiwa anaishi kwa wazazi wenye uwanja, na mama yake amekubali kwa mdomo wake mwenyewe mbele yako, huyo ni dhahabu. Nasema mama yake, kwa sababu kijana atapata kazi Likasi na mbwa atabaki na mama. Kisha wako wenye mbwa mzee mtulivu. Mbwa mzee anamfundisha mbwa kijana adabu zaidi kwa siku mbili kuliko wewe kwa miezi miwili. Na wako wenye mashamba kwenye barabara ya Kasenga au ya Kipushi. Watu hupenda kusema «mpeleke shambani, atakimbia», kama vile shamba ni mbinguni. Shambani kuna kuku. Ukimpeleka huko, kuku wawe bandani, au mwenyewe awe mtu wa kukaa naye majuma ya kwanza akiwa kwenye kamba, mpaka azoee kwamba kuku si mpira.

Muuza makala (mkaa) nakuomba umwache. Nilimfikiria, yule anayesukuma kinga (baiskeli) yenye magunia mpaka juu ya kichwa. Anatembea kweli, lakini mikono yote miwili iko kwenye mzigo, na mbwa asiyefungwa kamba katikati ya malori hamalizi mwezi.

Unao muda, si mwingi. Utumie kumfanya Mutachoka aweze kuonekana na mgeni bila kumwangusha. Kurukia watu kunaondoka kama nyumba nzima itakubaliana, na hapo ndipo kazi ilipo. Akikurukia, mgeuzie mgongo, usiseme neno, usimsukume kwa mikono maana kwake huo ni mchezo. Miguu minne ikigusa chini, hapo ndipo apate salamu na kipande cha ndakala. Mtoto mmoja akiendelea kumshangilia anaporuka, mnajenga na kubomoa. Mfundisheni pia «asi» (kaa). Sijui nani alianzisha, lakini mbwa wa Lubumbashi wanaamriwa kwa Kifaransa, asi, kushe (lala), hata katika nyumba ambamo hakuna mtu anayekisema. Mwenyeji mpya atajaribu neno hilohilo, kwa hiyo mbwa awe analijua.

Saa kumi ya usiku, wewe ukiwa jikoni, usimwache bure. Usimpe chakula chake kwenye sahani. Kitupe kidogo kidogo kwenye majani au mchangani nyuma ya nyumba, akitafute kwa pua. Au kifunge ndani ya kitambaa kizee chenye mafundo, akifungue mbele ya macho ya mtoto mmoja asije akameza kitambaa. Pua inachosha kuliko miguu. Nusu saa ya kunusa, atalala wakati wa maandazi. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka vipande vyenye ncha. Na mchuzi wenye vitunguu vingi umpite, vitunguu ni sumu kwa mbwa.

Halafu daktari. Mji wetu una Fakilte ya Udaktari wa Wanyama kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, vijana wanasoma hapahapa na wanatawanyika mitaani wakimaliza, kwa hiyo usiseme hakuna wa kumchoma mbwa sindano. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, inarudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Apate na kijitabu chake chenye tarehe. Uliza pia bei ya kumhasi. Dume aliyehasiwa kwa kawaida hazururi sana kufuata majike, na anayetaka mbwa wa kumzalishia ili auze watoto ataondoka mwenyewe akisikia habari hiyo. Kijitabu hicho kitakusaidia kuliko picha kumi.

Tangazo usiandike «bure». Neno bure linaita watu usiowataka. Wapo wanaokusanya mbwa ili wawauze, wapo pia wanaotaka nyama, tusijifanye hatujui. Omba kiasi kidogo kinachorudisha gharama ya chanjo, na umwambie mtu waziwazi kwamba ni hiyo. Atakayebishana kwa dola kumi hatalipa sindano ya mwaka ujao. Nimekuandikia hivi, ubadilishe utakavyo:

«Mbwa dume, karibu mwaka mmoja, kahawia, miguu myeupe. Amechanjwa, ana kijitabu. Anapenda watoto na wageni, kwa hiyo si mbwa wa kulinda. Ana nguvu nyingi sana. Ameshakula kuku mmoja na kandambili tano. Hafai kufungwa mnyororo wala kukaa peke yake kutwa. Anamfaa mtu anayekimbia au kutembea kila siku, mwenye uwanja uliofungwa. Nitakuja kuona kwako kwanza. Ukishindwa, mrudishe kwangu, usimpe mtu mwingine.»

Watakaocheka na bado wapige simu, hao ndio wako. Liweke kwenye WhatsApp ya parokia na ya wazazi wa shule, libandike kwa daktari wa mifugo na kwenye kibanda chako cha maandazi. Wateja wako wa alfajiri ni watu wanaoamka mapema kwa miguu yao. Hebu wafikirie mmoja mmoja kabla hujamfikiria mtu wa Golf.

Mtu hatakwambia barabarani «anafanana na Basenji, mpandishie bei»? Atasema, kwa ajili ya masikio na mkia. Basenji ni mbwa wa misitu ya Kongo hii yetu. Wazungu walimpeleka Uingereza na tangu mwaka 1937 amekuwa maarufu kwenye maonyesho yao. Hapigi kelele za mbwa wa kawaida, anatoa sauti kama ya kuimba, na wawindaji wanamvisha kengele ya mti shingoni wajue yuko wapi porini. Wako anabweka mpaka lupango la tatu. Ni mbwa wa Katuba, inatosha.

Mtu akipatikana, uende kwake. Usitume mtoto. Tazama ukuta ulivyo, tazama maji ya mbwa yatakaa wapi, ongea na mwenye nyumba kama naye anapanga. Uliza mbwa waliotangulia waliishia wapi. Mtu akikwambia «wanne walikufa, sijui shida gani», ulishajibiwa. Kisha mbwa na mtu huyo wakutane njiani, mahali pasipo pa mmoja wao, watembee pamoja, wewe ukiwa nyuma. Fanya hivyo mara mbili, ndipo ahame.

Siku ya kuhama iwe asubuhi, ameshakimbizwa na wanao mpaka ulimi uko nje. Apelekwe na gunia analolalia bila kufuliwa, likiwa na harufu ya kwenu, na chakula alichozoea cha siku chache. Mwambie mwenyeji mpya kwamba siku tatu za kwanza anaweza kukataa kula na kukaa kimya, wakadhani wamepata mbwa mpole. Asidanganyike. Baada ya majuma kama matatu ndipo Mutachoka halisi atafungua macho, na hapo ndipo wengi humrudisha. Piga simu juma hilo, si siku ya kwanza tu.

Jambo dogo lililobaki ni jina. Huko aendako kuna majirani ambao hawajawakosea ninyi chochote, na mwenyeji atasimama getini jioni anaita «Mutachoka! Mutachoka!» mbele yao. Vita itaanza kwa ajili ya shemeji yako. Anza leo kumwita Muta. Mwanzo ni uleule, ataitika.

Barua ya pili ilikuja kwa simu, kutoka Ruashi, na nilijibu kwa simu saa ileile. Naiweka hapa kwa sababu inamhusu kila anayeokota mbwa.

«Mama, kuna mbwa wa njiani tunayempa makombo. Leo amemng'ata kijana wangu wa miaka tisa mguuni, damu imetoka kidogo. Mama mkwe ameweka makala yaliyosagwa kwenye kidonda. Baba wa mtoto anatafuta fimbo amuue mbwa. Tufanye nini?»

Nilimwambia: toa makala, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa, mtoto hata akilia. Usiweke mafuta, pilipili, wala dawa ya majani. Kisha hospitali leo, si kesho, hata kama kidonda ni kidogo kama ukucha, mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zikishaanza hautibiki, lakini kabla ya dalili chanjo inamwokoa mtoto. Sindano huwa za siku kadhaa: siku ya kwanza, kisha siku ya tatu baadaye, ya saba, ya kumi na nne, na wakati mwingine inaongezwa nyingine. Daktari ndiye atakayepanga, na hakuna kuruka hata moja kwa kuwa mtoto anacheza vizuri.

Na fimbo irudishwe nyuma ya mlango. Mbwa aliyekufa hawezi kuangaliwa. Mfungeni mahali salama, apewe maji na chakula na mtu mzima kwa mti mrefu, atazamwe siku 10. Akibadilika, akianza kutoa udenda, kuyumba au kushindwa kumeza, mwambieni daktari upesi, na mtu asimguse.

Mama huyo amenipigia jana. Kijana amechomwa sindano ya tatu na analalamika kuhusu mkono, si mguu. Mbwa yuko siku ya saba, amefungwa chini ya mwembe, anakula bukari yake na kuomba nyingine. Baba wa mtoto ndiye anayempelekea.